Baridi na Theluji: Maneno ya Kusadiki Katika Habari za Kilimanjaro

Tarehe 11 Mei, 1848, yapata saa nne ya asubuhi, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society, alikuwa njiani kutoka Taita kwenda Uchagani pamoja na msafara mdogo ulioongozwa na Bwana Kheri. Milima ya Uchaga ilikuwa imeanza kupambanuka mbele yao, na juu ya kilele kimoja msafiri akaona kitu cheupe, ambacho kwanza alikidhani kuwa ni wingu. Alimwuliza kiongozi ni kitu gani kile, naye akajibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann aliandika katika daftari lake kwamba haikumwia shida kutambua ya kuwa weupe ule hauwezi kuwa kitu kingine ila theluji. Kisha akakaa kivulini apumzike, akafungua Biblia yake, akasoma Zaburi ya 111, iliyokuwa zamu yake siku ile.

Habari hizo zilipochapishwa London mwaka 1849, zilizusha ubishi uliodumu zaidi ya miaka 10. Na kwa mtu mmoja aitwaye William Desborough Cooley haukwisha mpaka alipokufa mwaka 1883. Sikusudii kueleza hapa nani alikuwa na haki, kwa maana mlima wenyewe umekwisha kukata shauri hilo zamani. Nataka kuutumia ubishi huo kama mizani ya kupimia maneno. Wanafunzi wetu, wafasiripo vitabu vya Kiingereza, hukutana na maneno kama opinion, belief, persuasion, conviction, faith, creed na dogma, na aghalabu huyafasiri yote kwa neno imani, wakiongeza thabiti au kali pale wanapoona neno la Kiingereza lina nguvu. Imani imefanywa punda wa dobi: kila nguo hutupwa mgongoni pake. Walakini Kiswahili hakina umaskini katika jambo hili. Tunayo dhana, rai, kuamini, kusadiki, yakini na itikadi, na kila moja la maneno haya lina mahali pake.

Walimu wengi huyaeleza maneno hayo kwa mfano wa ngazi. Chini huwekwa dhana, juu yake rai, juu yake imani, na juu kabisa yakini. Na kwa Kiingereza vivyo hivyo, opinion chini na conviction juu. Mfano huu ni mwepisi kushikwa, nami niliufundisha kwa miaka mingi. Lakini wadai kwamba tofauti ya maneno ni nguvu tu, kwamba mwenye yakini anasadiki sana na mwenye dhana anasadiki kidogo. Habari ya theluji ya Kilimanjaro yauvunja mfano huo, kwa kuwa ndani yake wamo watu wawili waliosadiki kwa nguvu moja, kila mmoja bila kutetereka, wala hatuwezi kuwaita kwa jina moja bila ya kudhulumu mmoja wao.

Na tumtazame kwanza Cooley, kwani ndiye aliyechekwa sana na vizazi vya baadaye, na mtu aliyechekwa sana astahili kusikilizwa. Hakuwa mjinga. Hakupata kukanyaga ardhi ya Afrika, lakini alikuwa amesoma maandishi ya Waarabu na Wareno juu ya bara hili kuliko karibu kila mtu wa Uingereza wa zama zake. Mwaka 1832 Mfaransa Jean-Baptiste Douville alitoa kitabu cha safari za Kongo ambazo hakuzifanya, na wakubwa wa elimu ya jiografia huko Paris wakamtukuza. Cooley ndiye aliyefichua uwongo ule, akiwa amekaa kwenye kiti chake London, kwa kulinganisha tarehe na masafa. Tangu siku hiyo alijua kwamba mtu wa vitabu aweza kumshinda msafiri. Zaidi ya hayo, alikuwa na shahidi wake wa Kiswahili: Khamis bin Uthman, mtu wa pwani aliyefika London katika miaka ya 1830, ambaye Cooley alimwuliza sana juu ya njia za misafara na ziwa kubwa la bara, akayaweka majibu yake katika makala ya mwaka 1845. Basi Rebmann alipoleta habari ya mlima wenye theluji, Cooley alikuwa na ramani iliyokwisha kamilika, na theluji haikuwa na mahali ndani yake.

Wengine husimulia kwamba wataalamu wa Ulaya walikataa kwa sababu hawakuweza kufikiri theluji chini ya jua la Ikweta. Hilo si kweli kwa utimilifu. Humboldt alikuwa amepanda Chimborazo, karibu kabisa na Ikweta, tangu mwaka 1802, na kila msomi alijua kwamba milima ya Andes ina theluji. Kilichokataliwa ni kwamba Afrika Mashariki ina mlima mrefu kiasi hicho, na kwamba aliyeuona ni mtu wa dini asiye na vyombo vya kupimia. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 Cooley alishikilia kwamba theluji ile ilitoka katika fikira za Rebmann kuliko katika macho yake.

Upande wa pili yuko Rebmann. Alizaliwa Gerlingen, Württemberg, mwaka 1820, akafika pwani yetu mwaka 1846 kumsaidia Krapf huko Rabai, akakaa miaka 29. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima maneno. Alikusanya kamusi ya Kinyika na kamusi ya Kinyasa, na kazi yake ya Kiswahili ilimfaa Krapf katika kamusi kubwa iliyotoka mwaka 1882. Macho yake, ambayo watu wa London waliyatilia shaka, hatimaye yalipofuka kweli, akarudi Ujerumani mwaka 1875 akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata. Mtu aweza kulipiga chuku jambo hili. Mimi nalitaja tu.

Sasa tuyarudie maneno. Yakini, itikadi, imani na kusadiki yote yametoka katika Kiarabu, na asili zake zafaa kukumbukwa, ingawa asili ya neno si maana yake yote. Itikadi yatokana na kufunga fundo, na ni ndugu wa akdi, lile fungamano la ndoa au la biashara. Mwenye itikadi amefungwa na jambo, au amejifunga nalo. Imani ni ya ukoo mmoja na amani na amana: kuamini ni kuweka kitu chako mikononi mwa mwingine na kulala usingizi. Ndiyo maana Kiswahili kimeweza kuipa imani maana ya huruma pia, tukisema mtu fulani hana imani, yaani moyo wake mgumu. Maana ambayo mfasiri wa neno faith hawezi kuipata Uingereza. Kusadiki kwatokana na ukweli wa msemaji, na ni ndugu wa sadaka. Kumsadiki mtu ni kumhesabu kuwa msema kweli. Twaweza kumsadiki mtu kabla hatujalichungua neno lake. Na yakini ni hali ya shaka kuondoka.

Maneno ya Kiingereza nayo yana asili za kushangaza. Conviction latokana na Kilatini, na shina lake ni kushinda. Ndilo neno litumiwalo mahakamani mshtakiwa aonekanapo na hatia. Mwenye conviction, kwa asili, ni mtu aliyeshindwa na ushahidi. Dogma latoka Kiyunani, na shina lake ni kuonekana tu, yaani lile lionekanalo kuwa sawa machoni pa watu. Lakini leo ni jina la neno ambalo haliruhusiwi kuulizwa. Neno lililoanza chini kabisa ya ngazi limepanda likakaa juu, wala hakuna aliyelisukuma ila mazoea.

Kwa kipimo hiki twaweza kusema ya kuwa Rebmann alikuwa na yakini, na Cooley alikuwa na itikadi, nao walilingana kwa nguvu. Rebmann alishindwa na kitu kilicho nje yake. Hakwenda Uchagani kutafuta theluji. Hakuihitaji kwa dini yake wala kwa heshima yake, na ingalimfaa zaidi asiseme neno. Cooley alikuwa amefungwa na kazi ya maisha yake, na kulifungua fundo moja kulikuwa kuyafungua yote. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alikwenda mlimani pamoja na Richard Thornton, mtaalamu wa mawe, aliyekuwa na vyombo vya kupimia, wakaiona theluji. Mwaka 1862 Decken alirudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda mpaka kiasi cha meta 4,200 na zaidi, na usiku theluji ikawaangukia. Chama cha Jiografia cha London kilikubali, na mwaka 1864 kikampa Baron nishani ya dhahabu. Cooley alijibu kwa dhihaka juu ya theluji iliyoanguka kwa wakati unaomfaa sana msafiri. Hapo ndipo mtu apimwapo: si kwa jinsi alivyoshikilia neno lake kabla ya ushahidi, bali kwa jambo ambalo, likitokea, atakubali kuachilia. Kwa Cooley jambo hilo halikuwapo.

Lakini nisimfanye Rebmann kuwa malaika. Kati ya mwaka 1855 na 1856 yeye na mwenzake Jakob Erhardt walitoa ramani ya bara iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno, lililolala katikati ya Afrika Mashariki kama konokono aliyevuliwa nyumba yake. Walilichora kwa kuunganisha habari za wasafiri wa pwani, kila mmoja akieleza maji aliyoyaona yeye. Ziwa lile halikuwapo. Yalikuwa maziwa matatu. Cooley naye alikuwa amechora ziwa moja, ingawa si lile lile, akilichanganya Nyasa na Tanganyika. Basi katika jambo la ziwa wote wawili walikosa, tena kwa kosa la namna moja: walizisadiki habari nyingi za kweli, kisha wakazifunga kwa dhana yao wenyewe. Ramani ile ya konokono ilisaidia kuwaleta Burton na Speke, waliopita Rabai mwaka 1857 kuonana na Rebmann, na safari yao ndiyo iliyoanza kuuvunja mchoro. Dhana, ikiitwa dhana, ina faida kubwa katika elimu.

Wanazuoni wa Kiislamu wana mgawanyo ambao hunisaidia hapa kuliko ngazi ya walimu. Husema yakini ina daraja tatu: elimu ya yakini, jicho la yakini, na haki ya yakini, na mfano uliozoeleka ni moto. Wa kwanza aona moshi, ajua pana moto. Wa pili auona moto wenyewe. Wa tatu ameungua. Msomaji ataona ya kuwa daraja hizi hazipimi nguvu ya moyo bali ukaribu wa mtu na kitu chenyewe. Rebmann aliishia katika daraja la pili. Aliiona theluji tangu mbali, tena na tena, mpaka kwa mwanga wa mwezi, lakini hakuigusa. Ni nani, basi, aliyekuwa katika daraja la tatu?

Katika safari yake ya pili, iliyoanza Novemba 1848, Rebmann alifika Machame kwa Mangi Mamkinga, na hapo mlimani aliwauliza wenyeji juu ya kitu kile cheupe. Walimwambia kwamba kikiteremshwa ndani ya vyombo hugeuka maji. Kwamba wengi waliopanda walikufa kwa baridi au walirudi na vidole vilivyoharibika mikononi na miguuni. Na kwamba katika lugha yao kiliitwa kibo. Ilisimuliwa kwamba zamani mangi mmoja wa Machame alituma watu waende wakakichunguze, akitumaini pengine ni fedha, na kwamba karibu wote waliangamia. Watu wa pwani waliokuja Uchagani kununua pembe walizisikia habari hizo, nao wakazieleza kwa majini walindao mali ya mlimani.

Haya ndiyo ninayoyaona kuwa uzito wa habari nzima. Miaka mingi kabla ya mtu yeyote kubishana London, walikuwako Uchagani watu waliolipa kwa vidole vyao kujua theluji ni nini. Hawa hawakuwa na dhana, wala rai. Walikuwa wameungua kwa baridi kama mtu aunguavyo kwa moto. Hata maelezo ya majini hayapunguzi neno, maana tukio na sababu ya tukio ni mambo mawili, na aliyekosea katika sababu aweza kuwa amelishuhudia tukio sawasawa. Rebmann alilielewa hilo: aliyakataa majini, lakini vidole vilivyokufa aliviweka katika hoja yake kama ushahidi. Kwa Cooley maneno ya wenyeji yalikuwa na thamani yalipokubaliana na ramani. Khamis bin Uthman alisadikiwa juu ya ziwa. Wazee wa Machame, ambao Cooley hakuwaona, hawakusadikiwa juu ya kitu kilichokuwa juu ya vichwa vyao kila asubuhi. Tofauti ya kuamini na kusadiki yaonekana hapa wazi. Cooley aliamini mengi. Alilokosa ni kusadiki, yaani kumhesabu mtu mwingine kuwa msema kweli katika jambo alijualo.

Na yule kiongozi aliyesema baridi? Nimelifikiri jibu lake kwa muda mrefu. Theluji ni neno la Kiarabu, na barafu ni la Kiajemi. Yote mawili yaliletwa kwetu na watu waliotoka kwenye nchi zenye vitu hivyo, na mwendeshaji misafara wa Mombasa mwaka 1848 hakuwa na haja nayo. Angaliweza kusema ni fedha, kama wengine walivyosema, au ni majini. Alitaja tabia ya kitu alichokijua kwa sifa, akaacha jina ambalo hakuwa nalo. Katika vitabu vya Wazungu jibu hilo hutajwa kwa tabasamu, kama kwamba mtu hakuelewa alichoulizwa. Mimi naliona kuwa jibu la mtu mwenye adabu ya elimu: lilikuwa kweli, na halikuzidi alichokijua.

Yalibaki machache. Charles New alifika kwenye mpaka wa theluji mwaka 1871, akaishika. Na tarehe 6 Oktoba, 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walisimama juu ya kilele ambacho sasa chaitwa Uhuru, chenye kimo cha meta 5,895. Cooley alikuwa amekufa miaka sita kabla yake.

Anayeishi Moshi ajua kwamba mlima hauonekani kila saa. Huonekana alfajiri, huvaa mawingu kabla ya adhuhuri, na pengine hufunguka tena jioni. Mgeni aweza kukaa siku tatu mjini akaondoka bila kuuona, akawa hana ila maneno ya wenyeji wake. Nimewaona wageni wa namna hiyo stesheni, wakicheka kwa heshima tuwaelezapo kimo chake. Hawabishi, lakini hawajasadiki.

Siku hizi neno itikadi limepata kazi mpya katika magazeti. Huandikwa itikadi ya chama fulani, na itikadi kali hutajwa karibu kila wiki, kana kwamba kosa ni ukali. Nadhani matumizi hayo yanatupoteza kwa njia ile ile ya ngazi. Mtu aweza kuwa mpole sana, mwenye sauti ya chini na adabu za barazani, na fundo lake lisifunguke milele. Na mwingine aweza kupiga kelele kwa sababu ameona jambo na hakuna amsadikiye.

Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walitoa hesabu kwamba, hali ya hewa ikiendelea kama ilivyokuwa, barafu ya Kibo itakwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Lilikuwa neno la wataalamu waliochimba barafu ile kwa mikono yao, nalo lilikuwa na sharti ndani yake. Wengi waliolieneza waliliacha sharti nyuma. Miaka hiyo imepita, na barafu bado ipo, lakini waliofanya haraka kucheka wangefaa kutazama vipimo: mwaka 1912 ilienea kiasi cha kilomita za mraba 12, na mwaka 2011 hazikufika 2. Vipande vilivyobaki vyaendelea kupungua. Basi yamkini siku moja mtoto wa Marangu atauliza kwa nini picha za zamani zaonyesha Kibo na kofia nyeupe, na bibi yake atamweleza kwamba kitu kile kilikuwapo, kwamba alikiona kila asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe, na kwamba kilikuwa baridi.